Waraka wa Msisimko wa Herakle

Je, binadamu anaweza kusisimka kwa amri? Shifa binti Maftah alijiuliza swali hilo asubuhi ya Jumatatu, akiwa amesimama chini ya ubao wa matangazo na kopo la gundi mkononi. Jibu alilokuwa nalo ni Waraka, na kazi yake ilikuwa kuubandika usipinde.

"Kurugenzi ya Taifa ya Hisia za Umma," Waraka ulisema, "inayo furaha kuwatangazia wananchi, wakazi, wageni na wapita njia wote kwamba filamu ya mapigano iitwayo *Herakle: Ngurumo ya Nile*, iliyopigwa kwa sehemu katika maporomoko ya nchi yetu kwa ushirikiano na wadau wa ng'ambo, ni ya kusisimua. Msisimko huo unaanza kutumika mara moja. Atakayeshindwa kusisimka kwa sababu za kiafya awasilishe uthibitisho wa daktari."

Shifa aliusoma tena, akapangusa gundi iliyochuruzika kwenye nembo ya taifa, akaingia ndani.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa fasihi, mtoto wa Mengo, Kampala, wa ukoo ule ambao mababu zake walipanda kutoka pwani na mizigo ya vitambaa, wakauza, wakasomesha watu Kurani, wakasahau kurudi. Wenzake walipokwenda kufanya mafunzo ya vitendo kwenye mabenki, yeye aliomba Kurugenzi. Aliamini, na aliamini kwa moyo wake wote, kwamba serikali inayojali raia wake wanahisi nini ni serikali inayokwenda mahali.

Tatizo lake lilikuwa moja: alimjua Herakle. Alikuwa amemsoma maktabani mpaka taa zikazimwa. Alijua habari za yule Myunani mwenye nguvu aliyefanya kosa kubwa kwa wazimu, akahukumiwa kumtumikia mfalme aliyekuwa mdogo kuliko yeye kwa kila kitu isipokuwa cheo. Mfalme akampa kazi kumi na mbili zisizowezekana, na kila Herakle aliporudi na kile alichotumwa, mfalme alikimbilia ndani ya mtungi mkubwa akajificha humo, akitoa maagizo mapya kupitia mdomo wa mtungi. Shifa alipofika hapo alilia machozi ya kweli.

Kisha akaitazama filamu.

Katika filamu kazi kumi na mbili zilikuwa tatu. Tisa zilizobaki zilisimuliwa na mzee mmoja mwenye kikohozi, kando ya moto, kwa sababu bajeti ya mazimwi iliisha mapema. Simba alikuwa wa kompyuta, na nyayo zake hazikugusa ardhi. Joka lenye vichwa vingi lilipigana ndani ya ukungu mzito hivi kwamba mtazamaji alilazimika kuliamini bila kuliona, kama ahadi ya barabara. Kila baada ya pambano shujaa alipangusa kifua, akatazama mbali, akasema, "Mimi si mungu. Mimi ni mtu tu," ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza. Askari wa Kiyunani walikuwa polisi wa Kampala walioazimwa kambini. Walikuwa wachache, kwa hiyo waliokufa upande wa kushoto waliamka wakazunguka kamera wakaja kufa upande wa kulia.

Na Mkurugenzi mwenyewe, Bwana Olanya, aliigiza humo kama Mfalme wa Mto. Alipewa neno moja, "Piteni," akalifanyia mazoezi ofisini mwezi mzima, hata watu waliokuja na malalamiko wakawa wanapita moja kwa moja hadi mlango wa nyuma. Filamu ilipotoka, uso wake haukuonekana. Ulionekana mkono wake, ukiinuka, na neno lenyewe lilisemwa na mtu mwingine mwenye sauti nene. Hata hivyo kadi zake mpya za mawasiliano zilimtaja kama mwigizaji wa kimataifa.

Uzinduzi ulifanyika katika ukumbi mkubwa wa katikati ya jiji, wenye viti vinavyolala. Watu nao wakalala. Mheshimiwa Waziri, aliyekuwa mstari wa mbele, alimulika uso wake kwa simu tangu simba alipoingia hadi majina ya wapishi yalipopita mwishoni.

Kamati ya Tathmini ya Msisimko ilikutana wiki iliyofuata, ikiwa na chai, sambusa na masikitiko.

"Ndugu wajumbe," alisema Mkurugenzi Olanya, "tuweke kumbukumbu sawa. Filamu haijafeli. Filamu haina mamlaka ya kisheria ya kufeli. Kilichofeli ni umma."

"Umma una changamoto," alisema Bi Babra, katibu wa Kamati, mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, ambaye alikuwa amewazika kisiasa wakurugenzi kadhaa kwa kutomaliza kamwe sentensi yenye maoni. "Ukiuangalia umma, kwa kweli, unaona kwamba..."

"Kabisa," alisema Mkurugenzi.

Shifa akainua mkono. Mkono wa mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo haukuwa umewahi kuinuka katika chumba kile, na sambusa mbili zilisimama hewani.

"Samahani, Mheshimiwa. Haiwezekani kwamba filamu ni mbaya?"

Feni ilizunguka. Bi Babra akamwinamia kwa huruma ya mama.

"Mwanangu, neno hilo hatunalo. Sema 'ina fursa za kuboreshwa.'"

"Basi ina fursa nyingi mno za kuboreshwa."

"Hapo sasa," alisema Bi Babra, asiandike kitu.

Kamati iliazimia kuendesha warsha za kuushusha umma pumzi na kuupandisha, wilaya kwa wilaya, na ilikuwa inajadili ni nani afungue warsha ya kwanza, wakati Koplo Olweny, polisi wa getini, alipoingia kuuliza gari la nani limeziba njia. Alikuwa mrefu, mpole, na mmoja wa Wayunani waliokufa kushoto na kulia. Alisikia mazungumzo, akashangaa.

"Lakini afande, hii sinema si watu wanaipenda sana?"

Mkurugenzi aliweka kikombe chini. "Wapi?"

"Kule Kamwokya, kwa kibanda ya Rafiq. Watu inajaa mpaka inje. Wengine wanasimama kwa dirisha. Wanapiga benchi, wanalia."

"Wanalia?"

"Wanalia, afande. Bibi yangu Faridah alilia juzi mpaka kitenge yake ikalowa. Mimi ndiye nilimbeba."

Hakuulizwa wanalia kwa nini, na polisi aliyefunzwa vizuri hajibu asichoulizwa. Mkurugenzi Olanya alisimama. Machoni mwake mlikuwa na unyevu wa mtu aliyeeleweka hatimaye.

"Ndugu wajumbe, umma umepatikana."

Shifa peke yake hakupiga makofi. Rafiq wa Kamwokya alikuwa ami yake, mdogo wa baba yake. Na kibanda kile cha sinema ndicho kilichomsomesha tangu baba yake alipougua.

Alasiri hiyo alikwenda. Kibanda kilikuwa pale pale, nyuma ya mafundi redio, kuta za mabati na mlango wa blanketi, na makelele yake yalimpokea kabla hajakiona. Ndani, mbele ya kioo cha sinema, Rafiq alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, maiki mdomoni kama aliyezaliwa nayo. Alikuwa mtafsiri wa filamu, yule ambaye Kampala nzima humwita vijei: mtu anayeizima sauti ya filamu pale anapotaka, akaisema upya kwa lugha ya watu waliokaa kwenye benchi, akaisimamisha, akairudisha nyuma, akagombana na waigizaji. Vijei wengine walitafsiri kwa Kiganda. Rafiq alitafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu mabenchi yake yalikaliwa na familia za polisi kutoka kambini, mafundi cherehani wa Kikongo na Wakenya wa mitumba, na Kiswahili ndicho walichokuwa nacho wote, kila mmoja kwa kipande chake.

"Watazamaji wapenzi!" Rafiq alikuwa akisema. "Mnamwona huyu jamaa mwenye kifua? Huyu ni Herakle, mtoto wa Bukoto. Baba yake amefariki, Mungu amrehemu, ameacha kiwanja. Herakle anataka hati. Hati tu, jamani! Ameenda ofisini, mkubwa amemtazama juu mpaka chini, amemwambia, kijana, lete kwanza ngozi ya simba."

"Na fotokopi!" alipiga kelele mwanamke wa benchi la mbele. Ndiye Faridah, mke wa Koplo Olweny, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Na fotokopi ya ngozi ya simba," alikubali Rafiq, "mbele na nyuma."

Benchi zililia. Kwenye kioo simba alielea kuelekea kwa Herakle. Rafiq akamsimamisha hewani.

"Mbona hakanyagi chini? Hakanyagi kwa sababu ndiye simba wa ofisi. Hajawahi kushuka kwa wananchi."

Likaja joka katika ukungu. "Hii ni Kamati. Ukivunja moja, zinaota mbili, zote zinaagiza chai." Wakaanguka askari. "Koplo Olweny amekufa, inna lillahi. Eh! Amefufuka, yuko kulia. Olweny, zamu haijaisha?"

"Hivyo ndivyo anakufaga nyumbani nikimwambia alete maji!" alijibu Faridah, na watu wakashikana mabega.

Kisha ukaonekana mkono wa Mfalme wa Mto, ukiinuka polepole. Rafiq alishusha sauti, kama aliyeingia msikitini.

"Na huu, wapenzi, ni mkono wa mkubwa. Sura haiji kazini. Unakuja mkono tu."

Shifa alilazimika kushika nguzo. Alicheka mpaka akaona aibu, akajifuta, akacheka tena. Halafu shujaa akarudi kwa yule mfalme aliyemtuma, na kando ya kiti cha enzi palikuwa na mtungi mkubwa, pambo tu, lililowekwa na watengenezaji wa filamu bila kujua ni la nini. Rafiq akaisimamisha picha.

"Bosi ameletewa ngozi. Bosi yuko wapi? Mwoneni anavyoutazama ule mtungi! Dakika hii ataingia humo. Na sekretari atasema nini?"

"Yuko mkutanoni!" kibanda kizima kilijibu.

Hapo Shifa aliacha kucheka. Habari ya mtungi aliisimulia yeye, nyumbani Mengo, baada ya swala ya magharibi, kwa machozi, na ami yake alikuwa amesikiliza akitafuna kashata bila kusema neno.

Watu walipotoka alimfuata nyuma ya kioo.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, profesa! Umeuona mtungi wako? Unafanya kazi kuliko Herakle mwenyewe."

"Ami, wanakuja."

"Nani?"

"Kurugenzi. Mkurugenzi, Kamati, labda na Waziri. Wameambiwa watu wanaipenda filamu."

"Karibuni. Benchi la mbele lina msumari, wakae la pili."

"Ami, mimi sichezi. Wakisikia ulivyoutafsiri mkono wa Mkurugenzi, watakifunga kibanda siku hiyo hiyo. Utafanya nini?"

Rafiq alizungusha waya wa maiki kwenye kiganja, mzunguko kwa mzunguko.

"Nilijaribu kuuza vitambaa na baba yako," alisema. "Wateja wakawa wanakuja kusikiliza, wanakwenda kununua duka la jirani. Sina kazi nyingine ninayoijua, mwanangu. Na wewe umebakiza mwaka mmoja."

Ziara ilitangazwa wiki hiyo hiyo, kwa jina la Ziara ya Kiserikali ya Kushuhudia Msisimko. Waziri angekuja. Lakini Bi Babra, aliyekuwa na mpwa Kamwokya, alinong'ona mahali fulani katikati ya sentensi yake kwamba kule kuna vijei, na kwamba vijei, kwa kawaida, ukimsikiliza vizuri, huwa...

"Anaongeza maneno?" aliuliza Mkurugenzi.

"Siwezi kusema anaongeza," alisema Bi Babra.

Siku ya pili ikatoka Kanuni ya Kudhibiti Vicheko Visivyokusudiwa, yenye sahihi ya Waziri. Ilikuwa fupi kwa kanuni ya serikali. Kicheko kikitokea mahali ambapo filamu haikukusudia kuchekesha, maneno yaliyokisababisha yatachunguzwa, na mahali maneno hayo yalipotungwa patafungwa kwa kufuli la serikali hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo.

"Vijei hutunga papo hapo kwenye maiki," Mkurugenzi aliieleza Kamati kwa kuridhika, "nasi tutafunga papo hapo."

Na ili Waziri asije akasikia utunzi wa mitaani, Mkurugenzi aliamua kuandika mwenyewe Tafsiri Rasmi ya filamu nzima, kwa Kiswahili cha heshima, ambayo vijei angeisoma kama ilivyo. Shifa, kwa kuwa mtoto wa watu wa pwani, aliwekwa kwenye mashine kupiga chapa. Mkurugenzi alitembea huku na huko akitunga, mikono nyuma.

"Andika. 'Simba akanguruma.' Hapana, futa. Nani amemruhusu?"

"Ni simba, Mheshimiwa," alisema Shifa.

"Na Waziri atakuwa pale. Hatuwezi kumwonyesha Waziri mnyama anayenguruma kiholela."

"Ungeweza kusema," Bi Babra alichangia, "kwamba alitoa sauti kwa mujibu wa..."

"Wa mazingira! Andika."

Shifa aliandika. Aliandika siku nzima, na kila ukurasa ulipotoka Mkurugenzi alitia sahihi chini yake kwa wino wa kijani. Jioni alijitia ujasiri.

"Mheshimiwa, vijei akisoma haya bila kuongeza, kibanda chake kitakuwa salama?"

"Binti, akisoma nilichoandika mimi, nani atacheka?"

Shifa aliona ni hoja nzuri. Aliipeleka Kamwokya pamoja na kurasa. Rafiq alisoma ukurasa wa kwanza kwa uso wa mtu aliyepewa chai bila sukari na akaambiwa ashukuru.

"Shifa, haya maneno ni mifupa mitupu."

"Yasome hivyo hivyo, ami. Usiongeze hata pumzi. Usibadilishe sauti, usisimamishe picha. Nitasimama pale na nakala yangu yenye sahihi za Mkurugenzi, nikufuate kwa kidole mstari kwa mstari, ili wakikusingizia niwe shahidi. Niapie."

"Kwa nini nikuapie? Mimi ni mtu mzima."

"Kwa sababu nakujua."

Akaapa.

Siku ya ziara kibanda kilioshwa kwa dawa ya hospitali, na blanketi la mlangoni likabadilishwa na pazia la rangi za bendera. Waziri, mama mwenye gauni la gomesi la hariri na uchovu wa mikutano, aliketishwa kwenye sofa iliyoazimwa saluni ya jirani. Nyuma yake waliketi Mkurugenzi na Kamati. Wateja wa kila siku walijibana kwenye benchi zao, wamechana nywele. Koplo Olweny alikuwa kazini, na sare yake imepigwa pasi. Alikaa karibu na mkewe Faridah, kufuli la serikali likiwa mapajani mwake, kubwa kama kobe.

Taa ikazimwa. Rafiq akashika maiki kwa mikono miwili. Shifa akasimama kando yake na tochi, kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Mheshimiwa Waziri, ndugu wageni waalikwa," Rafiq alisoma, kwa sauti bapa kama ubao wa pasi. "Katika kipindi kinachorejelewa, Herakle, mwanamume mwenye kifua kinachokidhi viwango, aliwasili katika eneo la tukio."

Watu wa benchi walikuwa na hofu. Kiswahili cha namna ile walikuwa wamekisikia kwenye vizuizi vya barabara na kwenye maziko ya wakubwa tu. Shifa akamshukuru Mungu.

"Katika eneo hilo alikutwa simba. Simba huyo hakuwa na kibali cha kunguruma. Hata hivyo, alitoa sauti kwa mujibu wa mazingira."

Simba alielea. Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi kisichokuwa cha kifua.

"Herakle, baada ya kushauriana na wadau, alimkaba simba. Simba aliupokea ukabaji huo kwa moyo mkunjufu."

Faridah aliingiza ncha ya kitenge mdomoni. Mabega yake yalianza kupanda na kushuka. Rafiq hakuinua macho. Alisoma kama mwalimu wa madrasa anayesoma mbele ya mufti, jasho likimtiririka, asipunguze nukta wala asiongeze. Shifa alimfuata kwa kidole, na kwa mara ya kwanza alikuwa anayasikia maneno aliyoyapiga chapa.

Likaja joka.

"Vichwa vya joka vilipunguzwa kwa awamu. Kwa kila kichwa kilichostaafishwa kwa manufaa ya umma, viliteuliwa vichwa viwili vyenye uzoefu."

Kitenge kikatoka mdomoni. Kicheko cha Faridah kilipasuka kama tairi la lori, kikamshika fundi cherehani aliyekuwa nyuma yake, kikapita benchi kwa benchi hadi kwa waliosimama dirishani. "Vyenye uzoefu! Banange, nakufa! Vyenye uzoefu!"

"Ukungu unaoonekana," Rafiq aliendelea, bapa vile vile, "ni sehemu ya uwazi."

Benchi moja ilivunjika.

"Askari wanaoonekana wakifa wako likizo."

Koplo Olweny alijikaza kipolisi, akatazama mbele, lakini kufuli lilianza kulia mapajani mwake, kling, kling, kling.

Ukainuka mkono. "Mkono huu, ambao umepata mafunzo ya kimataifa, ndio mhimili wa filamu nzima."

Na hapo Mheshimiwa Waziri, aliyekuwa ameuma mdomo tangu simba, alitupa kichwa nyuma kwenye sofa ya saluni akacheka kwa sauti, machozi yakishuka kwenye poda. Bi Babra aliandika haraka kwamba Waziri alionyesha tabasamu lenye sauti, kwa kuwa mawaziri hawacheki kabla ya idhini ya baraza.

"Washa taa!" Mkurugenzi Olanya alikuwa amesimama. Taa ilikuwa balbu moja, ikawashwa. "Hili ni tusi kwa taifa! Koplo, Kanuni inasemaje? Funga!"

Kicheko kilikatika. Rafiq alishusha maiki. Koplo Olweny akasimama na kufuli lake, akasogea mlangoni, akashika pazia, kisha akageuka. Hakuwa mjeuri. Alikuwa mtu anayependa kutekeleza amri sawasawa.

"Afande, samahani. Kanuni inasema nifunge mahali maneno ilitungwa. Nauliza tu, nisije nikafunga mlango ya watu bure. Hii maneno, ilitungwa wapi?"

"Hapa! Wapi kwingine? Huyu mtu ameongeza ya kwake!"

"Wallahi sijaongeza," alisema Rafiq.

"Ngojeni kwanza." Waziri alikuwa anajifuta macho. "Ile ya vichwa kuteuliwa ni ya nani? Ni nzuri mno. Sijasikia kitu kama kile tangu niingie serikalini."

Mkurugenzi alifungua mdomo. Usoni mwake kitu kilichanua, kikanyauka, kikachanua tena. "Ile, Mheshimiwa... kwa kweli ile..."

"Kwa sababu," Waziri aliendelea, na sauti yake ikapoa, "kama ni kijana wa mtaani ameitunga, ni kipaji. Kama ni mtumishi wangu ameiandika, akanileta mpaka hapa kuniketisha mbele ya watu niisikilize, hilo ni jambo jingine kabisa."

"Ni yake," alisema Mkurugenzi. "Yote ni yake."

"Eeh! Mwongo huyo!" alisema Faridah. "Rafiq wetu hawezi kusema vibaya hivyo hata akilewa!"

"Nyamaza, mama Odoki," alisema mumewe, "niko kazini." Kisha akamtazama Shifa. "Dada, wewe ndiye ulikuwa na karatasi. Ulikuwa unafuata kwa kidole, nilikuona. Ameongeza?"

Kibanda kizima kilimgeukia. Mkurugenzi alimfikia kwa hatua mbili, akainama, akanena kwa upole wa baba.

"Binti, ripoti yako ya mafunzo iko mezani kwangu, bado kutiwa sahihi. Bila hiyo huhitimu. Sema tu ameongeza kidogo. Kidogo ni neno dogo."

Bi Babra aliitazama dari. "Mwanangu," alisema taratibu, "usiseme." Ilikuwa sentensi nzima yenye maoni, na haijulikani kama aliwahi kutamka nyingine ya namna hiyo.

Shifa alimtazama ami yake. Rafiq hakumkonyeza, hakumwomba. Alikuwa anazungusha waya wa maiki kwenye kiganja. Shifa alizitazama kurasa mkononi mwake, na sahihi za kijani chini ya kila moja. Alikuwa amekuja Kurugenzi akiamini kwamba hisia za watu zinastahili mlinzi, na bado aliamini hivyo. Watu wenyewe ndio hao, wamekaa kwenye benchi, wanamngoja.

Akazima tochi. Akampa Waziri kurasa.

"Mheshimiwa, Rafiq ni ami yangu, nalisema ili msije mkaambiwa na mtu mwingine. Hakuongeza hata pumzi. Maneno yote mliyoyasikia yalitungwa ofisini kwetu, ghorofa ya tatu, chumbani kwa Mkurugenzi. Nilikuwepo, na mimi ndiye niliyeyapiga chapa." Kisha akamgeukia polisi. "Koplo, usiache kufuli. Twende, nitakuonyesha mlango."